Kisu cha Kutembea Nacho

Useni alikuwa mtu wa aibu. Akikutana na mbuzi kwenye njia nyembamba, yeye ndiye aliyepisha. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mke mmoja aitwaye Rehema, na kazi ya kushona nyavu za wavuvi pale Baraka, mji wa kando ya ziwa. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu asiyependa maneno, maana wavu hauulizi umeamkaje.

Lakini kulikuwa na kazi nyingine iliyomtoa mbele za watu. Mjini Baraka, Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wanaoana, wanazikana na kualikana. Ili asiwepo mgeni wa kula wali mtupu huku wenzake wanatafuna, mwenye karamu, hata akiwa shemasi, humwita Mwislamu aje amchinjie. Kwa miaka ishirini, mtaani kwao, Mwislamu huyo alikuwa Useni. Alikuwa hawezi kufika sokoni bila kuitwa.

"Baba Useni, pita kidogo!" Mama mmoja amesimama mlangoni, kuku kamshika miguu.

Useni alipita. Alisema "Bismillahi" kwa sauti nzito ambayo hata yeye ilimshangaza, akamaliza, akaosha mikono, akaendelea na safari. Siku zote nyingine sauti yake haikuvuka ua wa nyumba. Siku ya kuchinja ilisikika mpaka barabarani, na watu wazima walinyamaza wakimtazama. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Rehema, lakini kitu hicho alikipenda kuliko nyama.

Shida ilikuwa kisu. Kile cha marehemu baba yake kilinolewa miaka mingi mpaka kikawa chembamba kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, na siku moja kikakatika katikati ya kazi ya kukata kamba. Tangu hapo Useni alitembea mikono mitupu na kutegemea visu vya wenye nyumba. Visu vya wenye nyumba tunavijua. Vimekata muhogo, vimefungua makopo, vimechokonoa kufuli.

Kwenye ubatizo mmoja walimletea vitatu, kimoja baada ya kingine, na vyote havikuweza kukata hata uzi. Wakati anapapasa makali ya kile cha tatu, jogoo alijifungua, akapita chini ya viti vya wanakwaya, akaruka ukuta. Vijana walimkimbiza mpaka wakamkamata. Na hapo ndipo Shukuru, kijana Mwislamu wa pikipiki mwenye miwani ya jua, alipotoa mfukoni kisu cha kukunja, akabonyeza kitufe, bapa likaruka lenyewe, "chwa!" Kabla Useni hajanyanyua kichwa, jogoo alikuwa ameshachinjwa na watu wanapiga makofi.

Kuanzia siku hiyo akina mama walianza kumwita Shukuru. Anakuja kwa pikipiki, anachinja, anaondoka. Useni alipita njia zilezile, polepole kuliko kawaida, na hakuna aliyemwita.

Ndipo Mama Pulchérie alipokuja kumwona penye nyavu zake. Mama huyu alikuwa muuza mawese, Mkatoliki, na sauti yake ilitosha watu wawili.

"Baba Useni, Clarisse wangu anaolewa. Jumamosi, kisha ya wiki tatu. Ng'ombe dume inatoka Bibokoboko, kubwa hivi." Alitanua mikono mpaka ikamshinda. "Baba yako ndiye alichinja kwa arusi yangu. Mi nataka weye. Lakini bantu ba kwetu banasema ukuje na kisu yako, tusirudie mambo ya jogoo. Kama hauna kisu, basi tutaita Shukuru. Usikasirike."

"Sikasiriki," Useni aliiambia miguu yake.

Alijua vizuri maana ya maneno yale. Anayechinja ng'ombe wa arusi mbele ya mtaa mzima, huyo ndiye mchinjaji. Wa pili anabaki kushona nyavu.

Siku iliyofuata alikwenda sokoni, kwa Junior, kijana aliyeuza visu, tochi, vitana na chaja juu ya turubai la bluu. Useni alikuwa amefikiria usiku kucha anataka kisu cha namna gani. Alitaka kisu cha kutembea nacho kila siku. Kikate kamba ya wavu iliyolowa, kitumbue samaki, na akiitwa njiani, kimchinje kuku bila kumtesa. Kisiwe cha bei ya kumfanya Rehema akae kimya siku mbili.

"Baba, karibu! Hii iko ya Ujerumani," alisema Junior, akikunjua kisu chenye mpini wa rangi ya maziwa. "Hii nayo iko ya Uswisi. Na hii," akatoa kimoja chenye umbo la samaki, jicho lake ni skrubu, "hii hata Ulaya kwenyewe hawana."

Useni aliamini hicho cha mwisho.

Alivishika vyote. Alishika bapa kwa vidole viwili akalitikisa kushoto na kulia, nalo likacheza kwenye bawaba kama jino la mtoto wa miaka sita. Alibonyeza mgongo wa bapa dhidi ya turubai, kisu kikajikunja kurudi kwenye vidole vyake. Kisha akafikiria mambo ambayo Junior hakuyataja. Kisu cha kukunja kinaingia mfukoni, hakimtishi mtu, ni kweli. Lakini mkono mmoja umemshika kuku. Ukibaki na mmoja, utakikunjua na nini, na meno? Na damu na magamba ya samaki yakiingia pale penye mkunjo, utayatoa lini? Vile vizuri vyenye kufuli ya kuzuia bapa vilikuwa viwili tu, na bei yake Junior aliitaja kwa kunong'ona, kama habari ya msiba.

Upande mwingine kulikuwa na visu vya jikoni, visivyokunjwa, mpini wa plastiki nyekundu. Bei rahisi. Useni aliegemeza kimoja kwenye jiwe, kikapinda, na hakikurudi.

"Hicho kinapinda kwa sababu kiko na tabia nzuri," alisema Junior. "Kisu kigumu kinavunjika."

Sasa, mtu mwingine angeweka kisu chini na kuondoka. Useni hakuweza. Kumfungulisha kijana wa watu bidhaa zake zote, kisha kumgeuzia mgongo? Aliona aibu mpaka masikio yakapata joto. Alichukua kitu kidogo kuliko vyote pale, akalipa, akaenda. Kilikuwa kikata kucha.

Alirudi tena siku ya soko iliyofuata, kuviangalia upya. Na tena.

"Mume wangu," alisema Rehema akivipanga juu ya mkeka, "nyumba hii iko na vikata kucha vinne, na haina kisu. Unataka kumchinja ile ng'ombe kwa kucha?"

"Vitatu," alisema Useni.

"Na kile nilichokaa nacho tangu zamani?" Akavisukuma kando. "Sikia. Iko Mrundi moja kule Lusenda, kambini kwa wakimbizi, fundi wa vyuma. Majembe yake bamama bote banasifu. Nenda kwake. Na usirudi na kikata kucha."

Useni akapanda pikipiki ya mtu mwingine, siyo ya Shukuru, akaenda Lusenda. Fundi aliitwa Néhémie, mzee mwenye mikono kama mizizi, amekaa nyuma ya viriba viwili vya kuvuvia moto na kipande cha reli cha kufulia chuma. Useni alisimama mbele yake muda mrefu bila kusema kitu. Néhémie naye hakusema kitu. Walielewana tangu hapo.

Hatimaye fundi aliuliza, "Unataka kukata nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Useni swali hilo. Alisema yote: kamba, samaki, kuku, na Jumamosi ng'ombe dume. Néhémie alimshika mkono, akakipima kiganja kama anayemsomea bahati. Akachagua kipande cha resori ya lori bovu, ule ukanda wa chuma unaobeba mzigo chini ya gari.

"Kisichokunjwa," alisema. "Chenye mkunjo kina ugonjwa wake tangu kuzaliwa. Nitakifanya shibiri moja na vidole vitatu. Kikizidi hapo, bantu batakuogopa. Kikipungua hapo, ng'ombe hatakuogopa. Chuma hiki kinashika kutu, basi ukimaliza kazi ukipanguse, ukipake mawese kidogo. Kinanoleka kwenye jiwe la mtoni. Mpini nitaweka mti wa mpera."

Useni alirudi baada ya siku nne kukichukua. Hakikung'aa. Kilikuwa cheusi mgongoni, cheupe kwenye makali, kinakaa mkononi kana kwamba kilikuwa kimetoka humo asubuhi kwenda kutembea. Alijaribu makali kwenye nywele za mkono wake, akafurahi, akajaribu tena, na alipoondoka Lusenda mkono wa kushoto ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Bei ilikuwa chini ya kimoja cha vile vya kunong'ona vya Junior.

Lakini Néhémie hakutengeneza ala. Alikifunga kwenye majani makavu ya mahindi, na Useni akakibeba hivyo nyuma ya pikipiki ya kukodi, mpaka kwenye bariera, kizuizi cha askari barabarani.

"Iko nini ndani ya majani?" aliuliza askari.

"Kisu."

"Kisu ya nini?"

Useni alishusha macho kwenye majani. Maelezo yote aliyomwambia Néhémie yalitoroka. Likabaki neno moja. "Kuku."

Askari alitazama mkono mmoja wa Useni, akatazama wa pili, akatazama nyuma ya pikipiki. "Kuku iko wapi?"

"Haiko."

"Kwa hiyo weye unatembea na kisu, unatafuta kuku ya kuchinja?"

Useni akafikiri. Ukiangalia vizuri, ulikuwa ukweli mtupu. "Ndiyo, chef," alisema, akimwita mkubwa kwa Kifaransa.

Mwendesha pikipiki alicheka mpaka akazima injini, ndipo akaeleza kwamba huyu mzee ni mchinjaji wa mtaa. Askari alirudisha kisu. "Mzee, hii kisu uitafutie nyumba. Ndani ya majani inatisha bantu. Ndani ya ala, inakuwa chombo ya kazi."

Lilikuwa shauri zuri. Kesho yake Useni alikwenda kwa Bienfait, fundi viatu, ambaye kibanda chake kilipakana na banda la nguruwe la jirani, jambo ambalo ulilijua kwa pua kabla ya kufika. Bienfait alikuwa na ala tayari, nyeusi, imeshonwa vizuri pembeni, ina tanzi la mkanda. Kisu kiliingia na kutulia.

Useni alitaka kuuliza ni ngozi gani. Alifungua mdomo kabisa. Lakini nyuma yake walikuwa watu watatu wenye viatu vyao mkononi, na Bienfait alishaanza kusema, "Hiyo original, Papa Useni! Ngozi original! Itakuzika!" Mdomo ukafunga. Alilipa, akaivaa mkandani, akaenda nyumbani akitembea katikati ya njia.

Jumamosi saa moja asubuhi uwanja wa Mama Pulchérie ulikuwa umejaa. Masufuria yalikuwa motoni. Dume la Bibokoboko lilikuwa limefungwa chini ya mchikichi, kubwa kweli, limeshikwa na wanaume sita ambao kila mmoja alikuwa anatoa amri. Mwalimu wa msikiti alikuwepo, amealikwa. Shukuru pia alikuwepo, hakualikwa na mtu lakini hakuna aliyeshangaa.

Useni alikuja kwa nyuma ya ng'ombe, ili asione kisu, kama inavyotakiwa. Akainua shati, akachomoa. Wanaume wawili walisema "Eeh!" kwa heshima. Useni alivuta pumzi ya kusema lile neno lake.

"Musubiri!" alisema Shukuru, akivua miwani. "Baba Useni, mi naheshimu weye. Lakini hiyo ala iko ngozi ya nyama gani?"

Pumzi ikamtoka Useni bila neno. "Sijui."

"Ulinunua kwa nani?"

"Kwa Bienfait."

Uwanja mzima ukanusa, kwa kukumbuka tu.

"Bienfait anapakana na banguruwe," alisema mmoja.

"Na wiki ile, moja ilikufa, ile mukubwa!" alisema mama mmoja wa jikoni, akija na mwiko. "Ngozi yake ilienda wapi? Mi nilijiuliza!" Hakuwa amejiuliza, ila sasa alikuwa na hakika.

"Sasa tutafanya nini?" alipiga kelele Mama Pulchérie. "Bageni banakuja saa sita! Mafuta imeshapata moto!"

Mwalimu aliinua mkono. "Kisu kinaoshwa, hilo si tatizo kubwa. Lakini mtu akila na wasiwasi, chakula hakishuki. Kwanza tujue ukweli."

"Ukweli wa nini, mwalimu?" alisema Shukuru. "Mi niko hapa." Akabonyeza kitufe. "Chwa!" Vijana wakashangilia.

Mwalimu akaomba kile kisu. Alilipima bapa, vidole vinne. Akatazama shingo ya dume, nene kama kinu. Kisha akachungulia ndani ya mkunjo, akachokoa kwa ukucha.

"Hii ni nini?"

"Embe, mwalimu."

"Na hii?"

Shukuru akainama kuangalia. "Itakuwa muhogo. Ya jana."

"Mwanangu, kisu chako kinakula vizuri kuliko mimi." Akamrudishia. "Kwa kuku, sawa, ukikiosha. Huyu mwenzetu utampapasa tu, halafu atakasirika, na sisi sote tuko ndani ya ua."

Wale wanaume sita wakatazama lango lilipo.

Basi ikabaki kumpigia simu Bienfait, ambaye siku hiyo alikuwa Fizi kwenye msiba. Mama Pulchérie alipiga, akaweka sauti ya nje. Simu ililia sana.

"Allô, Bienfait?"

"Bienfait haiko," ilijibu sauti ya Bienfait. "Mi niko ndugu yake."

"Sisi tunauliza juu ya ala ya Papa Useni."

"Ah! Imepasuka? Mi nilimwambia, ndugu yangu, shona mara mbili!"

"Haikupasuka! Tunataka kujua iko ngozi ya nyama gani."

"Original."

"Original ya nyama gani?"

Simu ikakohoa. "Munataka ya nyama gani?"

Watu wakaangua kicheko, lakini Useni hakucheka. Alimwona Mama Pulchérie anageuza macho taratibu kumtazama Shukuru, kisha anamtazama dume, kama mtu anayeanza kujiuliza kama vidole vinne si vingi. Aliona miaka ishirini inaondoka uwanjani kwa pikipiki. Na simu ilikuwa bado inaapa: "Kila mtu anajua, Bienfait hauzi simili, hiyo ngozi ya uongo! Ngozi ya kweli, haki ya mama!"

Useni akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Bienfait! Mi ni Useni. Wacha habari ya ndugu yako, sauti yako naijua. Ng'ombe imefungwa. Bamama bako na mafuta kwenye moto. Bibi arusi anachungulia dirishani na nywele nusu. Mi sikukuuliza siku ile kwa sababu niliona haya, hiyo iko kosa yangu. Leo nakuuliza. Ukisema uongo, Jumatatu nitarudisha hii ala mbele ya bateja bako bote, na nitapiga makelele. Mi, Useni! Nitapiga makelele mpaka soko ifungwe!"

Hakuna aliyesogea. Rehema, aliyekuwa anamenya vitunguu, alisahau kufuta machozi. Hata dume liligeuza sikio.

"Papa Useni," ilisema simu, kwa sauti ndogo, "si ngozi. Iko simili. Niliikata kwenye kiti ya pikipiki. Tafadhali usiambie bateja."

"Umeshabaambia," alisema Useni. "Bako hapa bote."

Mwalimu alivuta ndevu zake kuzuia mdomo. "Pikipiki haina neno," alitamka. "Tuendelee."

Lakini Mama Pulchérie alikuwa mtu wa kufika mwisho wa mambo. Alisogea kwenye simu. "Kiti ya pikipiki ya nani?"

"Ya Shukuru. Alileta nimubadilishie, ile ya zamani akaniachia."

Kicheko kilichotoka pale kiliwafukuza kuku wa nyumba tatu. "Shukuru!" alipiga kelele mama wa mwiko. "Kama iko nguruwe, weye umeikalia miaka mingapi?" Shukuru alivaa miwani, akavua, akavaa tena, na mwishowe akacheka mwenyewe, maana hakuwa kijana mbaya, na akaenda kusaidia kushika kamba ya mguu wa nyuma.

Useni alisubiri kicheko kiishe. Hakuna aliyewanyamazisha watu. Walinyamaza wenyewe walipomwona amesimama. Alisema neno lake, na kisu cha resori kikapita mara moja, bila kusita, bila kurudia. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Wale wanaume sita, ambao walikuwa wamejiandaa kwa vita, walibaki wameshika kamba zilizolegea.

Alipokuwa anakipangusa kisu na kukipaka mawese, Shukuru alichuchumaa pembeni yake.

"Baba, huyo Mrundi, anaweza kunitengenezea na mi?"

"Anaweza. Atakuuliza unataka kukata nini."

"Nitasema nini?"

"Usiseme embe."

Mchana, Useni alikuwa anatoka langoni na fungu lake la shingo kwenye ndoo, kisu mkandani ndani ya kiti cha pikipiki. Mama mmoja alisimama juu ya ngazi ya nyumba ya pili, ng'ambo ya barabara, akaweka mikono mdomoni.

"Baba Useni! Jumanne kwangu, iko mbuzi mbili! Usiniache!"

Watu kumi walikuwa njiani. Useni aliweka ndoo chini.

"Nitakuja saa moja!" alijibu, na watu waliokuwa wanasukuma baiskeli ya mkaa waligeuka kutazama ni nani huyo.